Kikaratasi cha Inchi Moja na Jina la Mtendaji

Miongoni mwa kazi za mikono zifanywazo kwa karatasi iko moja ambayo katika nchi za Ulaya na Marekani imejipatia wapenzi wengi, na ambayo hapa kwetu Bujumbura haijapewa jina, ingawa vifaa vyake vimo katika kila nyumba. Ni kazi ya kutengeneza picha za mraba zenye upande wa inchi moja tu, yaani milimita 25 na ushei. Mtu hukata karatasi ngumu kwa kipimo hicho, kisha juu yake huchora, au hubandika vipande vya karatasi nyingine, uzi, jani kavu, pengine stempu iliyokwisha kutumika, mpaka ipatikane picha kamili iwezayo kufunikwa na kidole gumba. Katika makala haya tutaviita vikaratasi vya inchi moja, mpaka hapo wataalamu wa istilahi watakapotupatia neno lililo bora zaidi.

Nia yetu si kufundisha ufundi huo peke yake, ingawa tutaueleza kwa kiasi, maana twajua wapo walimu watakaopenda kuujaribu darasani. Twataka hasa kuuliza swali la maadili ambalo ufundi huo unalileta bila ya kukusudia. Picha ya inchi moja haina nafasi ya kuandikwa jina la aliyeitengeneza. Jina likiandikwa mbele litakula picha. Likiandikwa nyuma litafunikwa na gundi siku picha itakapobandikwa. Je, mtendaji wa kazi ndogo namna hiyo ana haki ya kujulikana? Na ikiwa anayo, ni nani mwenye wajibu wa kuilinda?

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo shamba letu. Kiswahili kinapotaka kudogosha kitu hukitia katika ngeli ya KI-VI. Mti huwa kijiti, mji huwa kijiji, mtoto huwa kitoto, karatasi huwa kikaratasi. Kila mwalimu amekwisha kuiandika orodha hiyo ubaoni. Lakini wachache kati yetu huwaambia wanafunzi kwamba kiambishi hicho kina ndimi mbili. Mama amwitapo mwanawe ‘kitoto changu’ anambembeleza. Mtu asemapo ‘kijitu kile’ anatukana. Na ngeli hiyo hiyo ndiyo yenye vyombo tunavyovitegemea kila siku, kisu, kiti, kikombe, kitabu; ndiyo ngeli ya lugha zenyewe, Kiswahili na Kirundi; na, kwa namna inayotutia haya kidogo, ndiyo waliyotiwa kipofu, kiziwi na kiwete. Mambo hayo yote yamekaa nyumba moja.

Kirundi nacho hudogosha kwa aka- na utu-. Umwana huwa akana, na wakiwa wengi huwa utwana; urupapuro, yaani karatasi, huwa agapapuro, na zikiwa nyingi huwa udupapuro. Kiswahili cha mitaa ya Buyenzi na Bwiza, kama kile cha ng’ambo ya pili ya ziwa huko Uvira, hakijaiacha ka- na tu-. Humo utasikia katoto na tutoto na kakaratasi, na sisi walimu wapenda usanifu hutia wino mwekundu. Wala huko nako kiambishi hakikuambii peke yake kama msemaji anapenda au anadharau. Hilo hujulikana kwa sauti yake na kwa uso wake. Kwa hiyo lugha haijakata shauri juu ya vitu vidogo. Mtu asemapo ‘ni kikaratasi tu’, hukumu haimo katika ki- bali imo katika ‘tu’. Neno hilo lina herufi mbili, nalo hufuta kazi ya siku tatu.

Sasa ufundi wenyewe. Kwanza hutakiwa msingi, na msingi ni karatasi ngumu: boksi la dawa ya meno, jalada la daftari lililokwisha, kalenda ya mwaka uliopita. Mistari hupigwa kwa rula upande wa nyuma, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Jambo hilo si dogo kama linavyoonekana, kwa sababu ukikosea nusu milimita katika kila kipande, ukipanga vipande kumi na viwili katika safu utakuta umepotea zaidi ya nusu sentimita, na safu ya chini haitalingana na ya juu. Wembe na rula ya chuma ni bora kuliko mkasi, maana mkasi huipinda karatasi ndogo na kuacha pembe zilizonyanyuka. (Kwa watoto wadogo tutastahimili pembe zilizonyanyuka kuliko kuwapa wembe.)

Gundi itiwe kwa uchache. Gundi ya unga wa muhogo, ile ipikwayo kwa maji mpaka ikawa kama uji mwepesi, yafaa sana na haina gharama. Lakini ina maji, na ikizidi kikaratasi hujikunja kama jani la mgomba kiangazini. Hapa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, katika miezi ya mvua hewa yenyewe yatosha kukikunja. Dawa yake ni kupaka gundi nyembamba upande wa nyuma pia, ili pande mbili zivutane sawasawa, kisha kukilaza chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Iliyo ngumu zaidi ni kuchagua. Katika inchi moja hapana nafasi ya vitu vitatu. Atakaye kuchora soko hana budi achore kikapu; atakaye kuchora ziwa atapata nafasi ya mtumbwi mmoja, au ya mstari mmoja wa buluu na juu yake weupe. Wanafunzi huhangaika sana hapo. Hutaka kutia nyumba, mama, kuku na jua, na kila kitu hugeuka doa. Aliyefaulu ni yule aliyekubali kuacha. Twaona kwamba hilo lina faida hata kwa insha zao, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Vikaratasi vikiisha hutumiwa kwa njia nyingi. Huweza kubandikwa pembeni mwa barua au kadi ya harusi, au kuning’inizwa kwa uzi na kuwa alama ya kitabu. Darasani hufaa kwa kufundishia msamiati: mbele picha, nyuma neno, na wanafunzi hubadilishana na kuulizana. Huweza pia kupangwa pamoja juu ya ubao: kumi na viwili kwenda chini na kumi na viwili kwenda upande, jumla 144, na hapo huwa futi moja ya mraba. Hapo ndipo swali letu lilipozaliwa.

Katika shule moja ya mjini humu, ambayo hatuna haja ya kuitaja, wanafunzi walitengeneza vikaratasi vya namna hiyo kwa wiki kadhaa. Nyuma ya kila kimoja waliandika neno la Kiswahili na jina la mwenye kazi kwa penseli. Vilipotimia 144 vilibandikwa juu ya ubao, kwa mbali vikafanya kama kitambaa cha rangi, na kwa karibu kila kimoja kikawa dunia yake. Siku chache baadaye alikuja mgeni wa heshima. Shule ikampa ubao ule uwe zawadi, naye akaupokea kwa furaha ya kweli, akaenda nao. Jioni msichana mmoja alimwendea mwalimu wake. Yeye alikuwa amechora chungu cha nyanya yake, chungu chenye ufa mmoja, na ufa huo alikuwa ameutengeneza kwa unywele wake mwenyewe uliotiwa gundi. Akauliza, “Mwalimu, yule mgeni atajua kile chungu ni cha nani?” Mwalimu akamjibu kwamba ile ilikuwa kazi ya darasa zima, na kwamba yeye asihuzunike kwa kikaratasi tu.

Jambo hilo lilizungumzwa na walimu kwa siku kadhaa, na maneno yao yalitufikia. Mwalimu wa hesabu alisema kwamba haki ya msichana ni sehemu moja katika sehemu 144, na kwamba sehemu hiyo aliipata siku mgeni aliposema ahsanteni. Mwalimu mwingine, mtu mzima aliyekulia Buyenzi, alisema kwamba zawadi ikiandikwa majina inakuwa hati ya deni, na kwamba wazee hawakutia majina katika kazi zao. Wa tatu alisema neno moja tu: kwamba hakuna mtoto aliyeulizwa.

Tuyapime maneno hayo, kwa kuwa kila moja lina ukweli wake.

Yule mzee wa Buyenzi ana ushahidi mzuri, na hata hakuutaja wote. Karatasi ndogo ya mraba si jambo geni kwa Waswahili. Tangu zamani mwambao wote, na kisha bara kwa njia za biashara zilizofika mpaka ziwa hili, watu wameijua hirizi: karatasi iliyoandikwa maandishi matukufu, pengine pamoja na mraba uliogawanywa vyumba vyenye herufi au tarakimu, ikakunjwa mpaka ikawa ndogo kabisa, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa na kuvaliwa shingoni au mkononi. Hatusemi hapa juu ya uhalali wake; wanavyuoni wamehitilafiana, na sisi si wanavyuoni. Twasema tu kwamba mle ndani mna kazi ya mkono, tena mkono uliozoea kalamu, na kazi hiyo haionekani na mtu yeyote. Aliyeiandika hakutia sahihi, na laiti angaliitia, mwenye kuivaa angalishangaa, maana nguvu anayoitaraji haitoki kwa mwandishi. Hapo kukosekana kwa jina si dhuluma. Mwandishi mwenyewe amejiondoa, na kujiondoa kwake ni sehemu ya kazi.

Lakini tutazame karatasi nyingine ndogo. Stempu ya posta nayo ni picha ndogo, na nchi yetu ina historia nayo. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, stempu zake za kwanza zilikuwa zile za Rwanda-Urundi zilizopigwa chapa juu yake jina la Ufalme wa Burundi. Katika miaka ya 1960 zikafuata mpya, za maua, ndege, samaki na vipepeo, zilizochapwa ng’ambo kwa rangi za kupendeza sana, na nyingi kati ya hizo ziliingia moja kwa moja katika albamu za wakusanyaji wa Ulaya na Marekani bila ya kupanda barua hata moja. Stempu inabeba jina la nchi kwa herufi za kuonekana, inabeba na bei. Tena bei hiyo haifuati ukubwa: stempu ya faranga nyingi yaweza kuwa sawa kabisa na ile ya faranga chache, na mwenye posta hakubali ubishane naye kwamba karatasi ni ndogo. Jina la aliyeichora je? Katika stempu za nchi nyingi, likiwapo, limo katika ukingo wa chini kwa herufi ambazo mwenye macho mazuri huzitafutia kioo cha kukuzia. Mchoraji hakujiondoa yeye. Amesogezwa ukingoni na wale wawili wakubwa, dola na bei.

Basi majina yanaweza kukosekana kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo, na kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha. Hirizi haina jina, na kadi tutakayoitaja sasa haina jina.

Kadi hizo ni zile za maganda ya mgomba, ziuzwazo katika maduka ya sanaa ya Bujumbura, na vilevile Kigali na Kampala. Mtengenezaji huyabandua maganda makavu ya shina la mgomba, huyanyoosha, huyapanga kwa rangi, maana yako ya dhahabu, ya kahawia na yaliyokaribia weusi, kisha huyakata vipande vidogo vidogo na kuvibandika juu ya karatasi. Hakuna rangi ya kopo inayohitajika. Kivuli cha mwanamke aliyejitwika kikapu hupatikana kwa kugeuza tu upande wa nyuzi za ganda. Tumeona kadi yenye wapiga ngoma, wale ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na katika kadi hiyo kila mpigaji alikuwa mfupi kuliko ukucha, na bado mikono yake ilikuwa imeinuliwa kila mmoja kwa namna yake. Huo ndio ufundi wa inchi moja, nasi tulikuwa nao kabla hatujasikia habari za watu wa Ulaya.

Geuza kadi hiyo nyuma. Mara nyingi utakuta jina la duka, au maneno ya kusema kwamba imetengenezwa kwa mkono nchini Burundi. Mkono upo, mwenye mkono hayupo. Je, yeye mwenyewe ndiye aliyejiondoa, kama mwandishi wa hirizi? Hatudhani. Hakuulizwa, kama wasivyoulizwa wale watoto. Na mnunuzi akishika kadi hiyo hulalamikia bei kwa hoja ileile: “Kadogo haka!” Udogo hupunguza malipo, kisha udogo huohuo husingiziwa kwamba ndio ulioliondoa jina.

Hoja ya kupima kazi kwa eneo lake yastahili kujibiwa kwa hesabu, ili mwenzetu wa hesabu aridhike. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba ambavyo upande wake ulikaribia futi mbili. Kibao kimoja cha futi mbili kwa mbili kina inchi za mraba 576. Chukua vikaratasi 576, kila kimoja kikiwa kimechukua saa moja tu ya mtoto mvumilivu, utapata saa 576, yaani siku 72 za kazi ya saa nane. Hakuna mchoraji wa kibao atakayehitaji muda huo. Hatusemi kwamba kwa hiyo vikaratasi ni bora kuliko kibao. Muda mrefu haujawahi kuifanya picha mbaya iwe nzuri, na yupo mwanafunzi aliyehangaika siku tatu akapata doa. Twasema tu kwamba rula haiwezi kutuambia ni kiasi gani cha mtu kimetiwa ndani ya kitu.

Na habari za Tingatinga zinatuonyesha jambo jingine. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, lakini wanafunzi wake waliendelea, na baada yao wengine wengi, na kadiri watalii walivyozidi picha nyingi zilipungua ukubwa ili ziingie katika mabegi yao. Jina la mtu likawa jina la mtindo. Leo mtalii husema amenunua ‘tingatinga’, hata kama sahihi ya mchoraji mwingine iko wazi pembeni mwa picha. Kwa hiyo si udogo peke yake umezao majina. Jina kubwa nalo humeza, na ‘darasa zima’ ni jina kubwa. Mwalimu aliyemjibu msichana kwamba ile ni kazi ya darasa zima hakusema uongo, ila alimpa jina kubwa mahali ambapo yeye aliomba jina lake.

Methali zetu, tukizitazama kwa makini, hazitusaidii sana hapa. Twasema haba na haba hujaza kibaba, nasi huifundisha kwa furaha. Lakini inayosifiwa humo ni kibaba. Haba ikiisha kuingia haionekani tena, na hakuna aulizaye ni haba ipi. Twasema pia mdharau mwiba mguu huota tende. Hapo kidogo kimeheshimiwa, tena sana, ila kwa kuogopwa. Heshima ya kitu kidogo kisichojaza kibaba wala kisichochoma mguu, hiyo hatujaitungia methali, au kama imetungwa sisi hatujaikuta.

Wengine watasema kwamba jawabu lipo tayari huko Ulaya. Mwaka 1997 huko Zürich, Uswisi, msanii M. Vänçi Stirnemann alianzisha desturi ya kadi za wasanii, ndogo kama karata, milimita 64 kwa 89, ambazo sheria yake ni moja: haziuzwi, hubadilishanwa kwa mkono. Nyuma yake msanii huandika jina lake na tarehe. Wengi watengenezao vikaratasi vya inchi moja hufuata njia hiyo. Ni desturi nzuri, na twapenda hasa kwamba wakutanao lazima waonane nyuso. Jina haliwezi kupotea ikiwa mwenye jina amesimama mbele yako. Lakini ile sehemu ya kutouza hatuwezi kuihamishia hapa kama ilivyo. Ni sheria ya watu waliokwisha kula. Kumwambia mkata maganda ya mgomba kwamba sanaa safi haiuzwi ni kumnyang’anya chakula juu ya kumnyang’anya jina. Kuuza hakumvunjii mtu heshima. Kinachomvunjia ni kuuzwa kazi yake kana kwamba ilijiotea yenyewe mgombani.

Hapa itafaa tuseme neno juu ya asili ya fikra yetu ya udogo katika sanaa. Lugha za Ulaya huita picha ndogo kwa neno ambalo wengi hulidhani limetokana na Kilatini cha ‘kidogo’. Sivyo. Limetokana na minium, rangi nyekundu ya risasi ambayo waandishi wa zamani waliitumia kupambia herufi za vitabu vyao. Maana ya kwanza ilikuwa kazi yenyewe, kupaka rangi nyekundu; maana ya udogo ilikuja baadaye, kwa kuwa sauti za maneno zilifanana na watu wakachanganya. Nicholas Hilliard, mchoraji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1619, alichora sura za wakubwa wa nchi yake juu ya ngozi laini iliyobandikwa kwenye karata za kuchezea, ukubwa wa kushikwa kiganjani, na hakuna aliyemlipa kidogo kwa sababu karata ni ndogo. Zilikuwa ndogo ili zivaliwe karibu na moyo. Kwa hiyo lile neno lilitaja kwanza kazi ya mkono, ndipo baadaye likataja kipimo. Sisi tumekuwa tukilisoma kinyume.

Turudi kwa walimu wetu watatu. Wa hesabu amejibiwa. Mzee wa Buyenzi twamkubalia nusu: iko kazi ambayo jina lingeiharibu, na mwanafunzi afundishwe kuijua na kuiheshimu. Ila kujiondoa ni tendo, na tendo lazima liwe na mtendaji. Huwezi kumnyenyekesha mtu mwingine kisha ukausifu unyenyekevu wake. Yule wa tatu, aliyesema kwamba hakuna mtoto aliyeulizwa, ndiye aliyegusa penyewe. Kuuliza kungalichukua dakika tano.

Kwa upande wa vitendo mambo ni mepesi. Mwenye kubandika ubao wa vikaratasi achukue karatasi moja ya kawaida, apige miraba 144 midogo, na katika kila mraba aandike jina la mwenye kikaratasi cha mahali hapo, kama ramani. Kisha aibandike nyuma ya ubao. Ikiwa kazi inauzwa, ramani iende na kazi. Mwenye duka la kadi aweza kuacha nyuma ya kila kadi nafasi ya kidole kimoja kwa jina la mkataji, na hatuoni atakachopoteza. Mwalimu akitoa alama, aandike ‘cha Fulani’ kabla ya kuandika ‘kizuri’ au ‘hakijakamilika’. Yako mambo mengine ya kupangwa, mathalani mtoto aliyesaidiwa na kaka yake, au picha iliyofanywa na wawili, lakini darasa lenyewe litayapanga kama likiachiwa nafasi.

Darasa lile lilifanya ubao wa pili baada ya likizo. Safari hii wanafunzi walijadiliana kwanza habari ya ramani ya majina, wakaandika majina yao kila mtu kwa mkono wake. Walipofika safu ya tisa mvulana mmoja alikataa kuandika. Alikuwa amechora mkeka mtupu, bila ya mtu. Walimbembeleza, wakamwambia mgeni atakayeuona hatajua ni nani. Akasema ndivyo atakavyo. Waliuacha mraba wake mweupe, wakaendelea na safu ya kumi.